Chombo cha Nchi Kavu

Pwani yetu ya kusini ina usingizi wa aina nyingi. Baharia hulala juu ya shehena yake, upepo ukimpepea. Mvuvi hulala dagoni, kando ya wavu wake. Mkulima hulala kwenye dungu akilinda mahindi yasiliwe na nguruwe. Wote hao wana nyimbo zao na hadithi zao. Lakini mwanamke anayebeba furushi la kanga kutoka gulio moja hadi jingine, akafika jioni ili alfajiri awahi nafasi nzuri, yeye hulala wapi? Hulala chini ya meza. Nayasema haya, ndugu msomaji, kwa kuwa mwanamke huyo ni mama yangu mzazi, na kwa miaka 19 meza za watu zimekuwa dari lake.

Sisi ni wa Kilwa Kivinje. Mama anauza kanga, vitenge na madera. Miezi ya kawaida huzunguka karibu: Masoko, Nangurukuru, Somanga. Lakini msimu wa korosho ukiingia, kuanzia Oktoba, yeye hufunga mzigo na kuelekea kusini, Kiranjeranje, Mchinga, hadi Mtama na Nachingwea kule ndani. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani mkulima hapati fedha siku anayopeleka korosho. Anazipata baada ya mnada, malipo yakishatoka. Kwa hiyo mtu wa kanga lazima ajue ni kijiji gani kimelipwa juzi na kipi kitalipwa keshokutwa. Mama anayajua hayo kuliko karani yeyote. Huwafuata wenye fedha kama ndege wafuatavyo mtama, na usiku humkuta huko huko.

Kitanda chake ni maboksi mawili yaliyokunjuliwa. Mto ni furushi lenyewe la kanga. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini anateseka na mto mgumu namna ile, naye akanijibu, “Mwizi akitaka kanga zangu, sharti aanze na kichwa changu.” Tulicheka sana siku ile. Nilipokua nikaanza kuyasikia maneno yale kwa namna nyingine.

Mimi mwenyewe naishi Dar es Salaam, Mbagala, na kazi yangu ni useremala katika karakana moja ya Keko, kule kunakotengenezwa masofa na makabati ya mji mzima. Usiku naandika. Hili si jambo la kumshangaza msomaji wa kurasa hizi, maana najua wengi wenu ni wale wale: mchana tunauza nguvu, usiku tunachezea daftari. Nilikuwa na hadithi fupi 9 zilizokwisha kupigwa chapa, na nilikuwa nimeweka akiba ya shilingi milioni 1 na laki 6 ili mchapaji mmoja mdogo anitolee nakala 300. Miaka mitatu niliikusanya fedha ile. Nilikuwa nimeshachagua hata rangi ya jalada.

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaingia pwani yetu kwa upande wa Mafia. Mvua yake ilikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi hapa hapa wilayani Kilwa, Somanga ikiwa mojawapo ya sehemu zilizoliwa na maji. Mabasi na malori yakasimama foleni pande zote mbili. Mama alikuwa ndani ya basi mojawapo, akirudi na mzigo kutoka Kariakoo. Usiku wa kwanza alilala kitini. Usiku wa pili alimpisha mama mwenye mtoto mchanga, yeye akalala chini ya lori, juu ya matope, kakumbatia furushi. Usiku wa tatu vile vile. Nilipomkuta nyumbani wiki iliyofuata, kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi, na kanga zilizolowa zimeanikwa kwenye kamba zote za mtaa kana kwamba kuna harusi.

Akaniambia, “Msimu huu nitakwenda. Ujao nitapumzika.”

Nataka uelewe uzito wa neno hilo. Mama hana pensheni. Baba alitangulia mbele ya haki nikiwa darasa la tano. Kupumzika, kwa mwanamke wa namna yake, maana yake ni kukaa barazani akisubiri mwana atume chochote mwisho wa mwezi, na mwana mwenyewe ni mimi, seremala wa kulipwa kwa kipande. Lakini zaidi ya fedha, Mama anaipenda kazi yake. Anapenda kumfunulia mteja doti moja baada ya nyingine. Anapenda kusafiri. Kilichomshinda ni usiku tu, mchana anauweza.

Siku zile nilikuwa nimeona kwenye simu picha ya tela dogo la kulala, lenye umbo la tone la maji: mbele limeviringana, nyuma linateremka taratibu. Nikatafuta habari zake. Kumbe ni kitu cha zamani. Marekani walianza kuyatengeneza katika miaka ya 1930, wakati uchumi wao umeanguka na watu wana magari madogo na mifuko mitupu. Mwaka 1947 jarida la Mechanix Illustrated lilichapa ramani yake, na mafundi wa uani wakajitengenezea wenyewe. Ndani kuna kitanda tu. Nyuma kuna mfuniko unaonyanyuliwa, na chini yake ndipo penye jiko na vyombo. Mpishi husimama nje.

Kilichoniamsha mimi, kama seremala, ni kipimo. Tela lile hutoshea kwenye karatasi za plaiwudi za futi 4 kwa 8, zile zile tunazouziwa Keko. Karatasi moja ukutani huku, moja ukutani kule, moja sakafuni. Urefu futi 8, kimo futi 4, upana futi 4. Mtu hawezi kusimama, lakini anaweza kuketi akavaa, akaswali kwa kukaa kama anaumwa, akanyoosha miguu yote miwili. Wamarekani walilitaka kwa matembezi ya Jumapili. Mimi nikaona ndani yake meza ambayo haitamvujia mama yangu.

Usiku ule nilipiga hesabu nyuma ya mswada wa hadithi yangu ya tatu. Plaiwudi, mbao, vyuma, ekseli, matairi, gundi, rangi, godoro. Nikapata milioni 1 na laki 5 na ushee. Nilikaa na karatasi ile hadi muadhini. Washkaji wa kijiwe chetu cha uandishi nilipowaambia walidhani natania. Mmoja akasema, “Wenzako wanatoa vitabu, wewe unatoa tela!” Mwingine, ambaye ni mshairi na hajawahi kuwa na akiba ya kitu chochote, akaniambia vitabu vinaishi kuliko mbao. Huenda ni kweli. Lakini nilijua kwamba hadithi zangu haziumwi kifua.

Mwezi wa Julai nikaomba ruhusa kazini, nikateremka Kivinje.

Mjomba, kaka yake Mama, ni fundi wa vyombo. Tangu utoto wangu namwona ufukweni na tezo yake, akichonga mataruma ya mashua za watu. Zamani alikuwa na vijana sita wa kumsaidia. Sasa ana mmoja, naye anaaga kila Ijumaa kwamba anakwenda mjini kuendesha bodaboda. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamkabidhi mchoro. Aliutazama kwa muda, akaugeuza juu chini, akautazama tena.

“Hii mashua,” akasema, “ila imepinduka.”

“Ni tela, Mjomba.”

“Nakuambia ni mashua iliyopinduka. Yangu inakataa maji ya chini. Hii yako inakataa maji ya juu. Tofauti ipo wapi?”

Tukaanza kesho yake. Fremu ilichomelewa na fundi mmoja wa Nangurukuru kwa bomba za mraba, na ekseli ilitoka kwenye mzoga wa gari dogo uliokuwa umelala nyuma ya karakana yake kwa miaka mingi. Hapo ndipo ulipotokea ubishi wa kwanza. Fundi wa vyuma alitaka ekseli ikae katikati kabisa, “ili mizani iwe sawa.” Nilikuwa nimesoma kwamba tela lisilo na uzito wa kutosha kwenye mkono wa kuvutia huanza kuyumba kama mkia wa samaki gari likishika kasi, na linaweza kulitupa gari lenyewe nje ya barabara. Mkono unatakiwa ubebe kama sehemu 10 hadi 15 kwa kila 100 za uzito wote. Kwa hiyo ekseli irudi nyuma kidogo.

Fundi akanitazama kama mtu wa vitabu. Mjomba akaingilia: “Ukipakia mashua tezini peke yake, omo linanyanyuka, chombo hakishiki njia. Kila nahodha anajua. Mpe mtoto anachotaka.”

Baadaye, tela lilipokamilika na mizigo yote kuingia, tulikwenda kulipima kwenye mizani ya kupimia korosho, gurudumu moja moja, halafu mkono wake. Kilo 140 kulia, 140 kushoto, 40 mbele. Jumla 320, na mkono umebeba moja ya nane. Fundi wa vyuma alikuwepo. Hakusema neno, lakini alilipa soda.

Kuta zilikuwa rahisi: ulichora mkunjo kwenye karatasi ya kwanza, ukakata kwa msumeno, ukailaza juu ya ya pili na kuifuata. Kazi ilikuwa paa. Plaiwudi nene haikubali kupinda, itapasuka. Tukatumia nyembamba ya milimita 3, tabaka mbili. Tuliilowesha kwa matambara, tukaivuta pole pole kwa kamba juu ya mbao zilizokingama kutoka ukuta hadi ukuta, tukaiacha ilale hivyo siku mbili, kisha tukaigundisha. Mjomba, ambaye amezoea kupasha ubao moto na kuumwagia maji mpaka ukubali, alisema ubao ni kama mkwe: usimlazimishe siku ya kwanza.

Ubishi wa pili ulikuwa wetu wawili. Mjomba alitaka tukalafati. Kwake chombo kisichosindiliwa pamba yenye mafuta katika viungo vyake si chombo, ni kapu. Mimi nikamweleza kwamba ndani ya maji ubao hunywa, huvimba, huibana pamba, mwanya ukafa. Juani ni kinyume chake: ubao hukauka, hunywea, na pamba itaachia. Hapa inatakiwa gundi isiyoogopa maji, na juu yake kitambaa cha turubai kilichopakwa rangi tabaka tatu.

Hakubisha kwa mdomo. Alichukua vipande vinne vya mbao, akaunganisha viwili kwa pamba yake na viwili kwa gundi yangu, akaviweka juu ya bati la banda. Siku 10 jua la Kivinje likavila. Siku ya kumi na moja akapanda mwenyewe, akavishusha, akavimwagia maji ya kopo. Kiungo cha pamba kikavuja kama chujio la tui. Cha gundi kikakaa kimya.

“Basi,” akasema, “pamba ya majini, gundi ya nchi kavu.” Na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa mkali zaidi kuhusu gundi. Akikuta mahali nimepaka haba, ananiita kwa jina langu la chuoni.

Lakini ubishi mkubwa ulikuwa wa tatu, na huo haukuwa na vipimo.

Kuta zilipokwisha kusimama na kabla paa halijapakwa rangi, Mama alikuja ufukweni na chakula chetu cha mchana. Alilizunguka tela mara moja. Akaweka sufuria chini. Akasema kwa sauti ndogo:

“Mwanangu, unanichongea jeneza ningali hai?”

Sikuwa na jibu. Nilipolitazama kwa macho yake nikaona: kasha la mbao, refu kama mtu, jembamba, lenye mfuniko. Watoto wa mtaa walikuwa wanaliita yai. Wakubwa, kumbe, walikuwa wameshalipa jina lile lile la Mama, ila hawakulitamka mbele yangu. Siku mbili hakuja. Chakula alituma kwa mpwa wake.

Mjomba ndiye aliyekwenda kuzungumza naye. Hakunichukua. Alichoniambia aliporudi ni kifupi: “Umemuuliza anataka kulala vipi?”

Kweli, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Ramani ilitoka Marekani, mbao Keko, chuma Nangurukuru, na mwenye kulala ndani alikuwa anapika. Jioni nikaenda, nikakaa kwenye mkeka, nikafungua daftari ukurasa mweupe. Mwanzo alisema hana la kusema. Halafu akaanza, na hakunyamaza mpaka isha.

Alitaka milango miwili, kulia na kushoto. “Mtu akija mlango huu kwa ubaya, nitokee ule.” Alitaka komeo ndani, si kufuli nje, “kwa sababu kinachofungwa kwa nje ni stoo au maiti.” Alitaka dirisha, lakini si pale lilipokuwa kwenye mchoro. Lishuke usawa wa macho yake akiwa amelala ubavu, dogo, lenye wavu wa mbu na kibao cha kusukuma, ili aone miguu ya anayekuja kabla hajaona uso wake. Alisema miaka 19 chini ya meza imemfundisha kuwatambua watu kwa miguu. Alitaka ndoano ya mswala na pahali pa birika la udhu pasipomwagika. Alitaka furushi lisiwe mto tena, liwe na sanduku lake chini ya kitanda, lifunguke kwa ndani tu.

Na nyuma, chini ya ule mfuniko ambao Mmarekani aliweka jiko, yeye hakutaka jiko. Alitaka duka. Fito tatu za kutundikia madera, rafu za kupangia doti, na kioo. Mfuniko ukinyanyuliwa uwe kivuli cha mteja. “Akijitazama kivulini atanunua. Juani anakunja uso, anajiona mzee.”

Moto ukabaki nje kabisa, na hilo tulikubaliana bila ubishi. Nilimweleza jinsi mkaa unavyoua mtu kimya kimya chumbani pasipo hewa, naye anakumbuka jirani aliyepotea hivyo. Tukatoboa matundu mawili ya hewa, moja chini moja juu, yote yakiwa na wavu.

Nilirudi ufukweni na kurasa nne. Tukabomoa mlango uliokuwepo, tukakata miwili. Mjomba akaleta kipande cha tanga chakavu, akashona pindo, tukapata baraza la kufunga ubavuni kwa kamba na nguzo mbili. Kazi iliongezeka wiki tatu, na ile laki moja iliyokuwa imebaki ikaondoka. Tela likawa tofauti na picha kiasi kwamba sikuiangalia tena picha.

Tulipolimaliza, mwisho wa Septemba, tulilivuta mpaka uani kwetu na kulifunga gogo magurudumuni. Tulimwaga ndoo 40 za maji juu yake, Mjomba akiwa ndani na kitambaa kikavu mkononi, akipapasa kila pembe. Alitoka kakavu. Mama alitazama yote hayo kutoka jikoni na hakusema kitu. Usiku akaingia chumbani kwake kama kawaida.

Alfajiri nikatoka kuchukua maji. Kusi lilikuwa linavuma, bado giza. Kando ya mlango wa kushoto wa tela, zimepangwa vizuri, vidole vikielekea nje tayari kwa kuvaliwa, zilikuwepo ndala za Mama.

Nilirudi ndani nikajifanya nimelala. Hakuwahi kunisimulia habari za usiku ule, nami sijamwuliza.

Msimu wa 2024 tukasafiri. Binamu yangu, mwana wa Mjomba, ana pikapu kuukuu inayobeba mizigo ya wafanyabiashara. Yeye analala ndani ya gari lake, hatua chache kutoka kwa Mama. Nilikwenda nao safari ya kwanza ili nione tela linavyotembea. Tulikuwa tumeshaweka taa za nyuma, viakisi vyekundu na namba ya usajili. Barabara ya lami lilifuata kama mbuzi aliyezoea mwenyewe. Kwenye vumbi tulipunguza mwendo, tukakagua nati kila tuliposimama. Mbili zililegea, tukazikaza.

Tulipokaribia Lindi nilimwonyesha Mama upande wa bara, kule ilipo Tendaguru. Huko, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walifukua mifupa ya dinosaria, na msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa na wapagazi vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne, tani kwa tani. Leo mmoja wa wanyama wale amesimamishwa Berlin, kimo zaidi ya mita 13, na watu wanalipa kiingilio kumtazama. Mama alisikiliza, akauliza swali ambalo sikuwahi kuliona kwenye maandishi yoyote niliyoyasoma: “Na hao waliobeba, usiku walilala wapi?”

Nadhani mtu anaweza kuandika hadithi nzima ya pwani hii kwa swali lile. Toka misafara ya Ziwa Nyasa iliyoishia Kilwa Kivinje kwetu, ikishusha pembe za ndovu na watumwa, hadi malori ya korosho ya leo, tumeandikiwa kilichobebwa, uzito wake na bei yake. Kulala hakuandikwi.

Usiku wa tano wa safari, karibu na Mtama, mvua ilishuka ghafla. Nilikuwa nimelala chini ya baraza la tanga, nikakimbilia kwenye pikapu. Kutoka kule niliona wanawake wa gulio wakiinuka chini ya meza zao, wakikokota mafurushi, wakitafuta penye ukingo. Mlango wa kulia wa tela ukafunguka, mkono ukatoka na tochi, na sauti ya Mama ikaita. Waliingia wawili, mmoja na mtoto. Futi 4 kwa 8, watu wazima watatu na mtoto mmoja. Asubuhi mbao zilikuwa na unyevu wa pumzi kwa ndani, lakini hakuna tone lililotoka juu.

Wenzake wakaanza kuuliza bei. Nilipowatajia walicheka, wakaenda zao, na walikuwa na haki. Milioni na laki 6 ni mtaji wa wanawake watano. Mjomba sasa anafikiria la bei nafuu zaidi, la kuvutwa kwa guta, fremu ya mbao, paa la turubai tupu, mlango mmoja. Ameshachora kwenye mchanga mara kadhaa. Yule kijana wake wa kila Ijumaa amebaki kwanza, anataka kuona.

Mama hajapumzika. Kifua kimetulia, ingawa baridi ya Julai bado inakigusa. Kila akirudi safari hutia kitu kwenye kibubu cha udongo kilicho juu ya kabati, na ameniapia kwamba ni cha kitabu changu wala nisikiguse. Namwambia hanidai wala simdai. Ananijibu kwamba hazungumzi habari za deni, anazungumza habari za kitabu.

Kitabu bado hakijachapwa. Hadithi zote 9 zimo ndani ya bahasha ya plastiki, katika sanduku la chini ya kitanda cha tela, pamoja na kanga. Chumba changu cha Mbagala kinavuja, na yeye ndiye aliyeamua zikae mahali pakavu.